Usimlete Gwakisa Iringa

Iringa,
Jumapili, mwezi wa saba

Dada yangu Bupe,

Nakusalimu kwa mapenzi yote, wewe na wote waliomo humo ndani. Barua yako ilinifikia Jumanne kwa mkono wa yule kondakta rafiki yake Shemeji. Ilikuwa bado inanuka pumba za mchele, nikajua umeiandikia sokoni Mwanjelwa, juu ya gunia, huku wateja wanakusubiri. Mama anaendeleaje na goti? Umesema siku hizi anafika kanisani bila fimbo. Nimefurahi, ingawa nakujua: mabaya huwa unayaweka ukurasa wa nyuma, na safari hii ukurasa wa nyuma ulikuwa mtupu. Watoto wamepona kikohozi? Huku baridi imekaza kweli kweli. Upepo unapenya chini ya mlango, nami nakuandikia nikiwa nimevaa lile koti la Ulaya humu humu ndani. Mwili wangu ni mzima. Hilo naweza kukuapia.

Umeniuliza jambo moja, nami nalitanguliza jibu lake ili usihangaike kulitafuta katikati ya maneno mengi. Usimlete Gwakisa Iringa. Mwambie Shemeji asimwombee nafasi kwenye lori. Najua umeshamfulia nguo, na najua Mama ameshamwambia mdogo wetu kwamba anakwenda kwa dada yake atibiwe. Mwambieni safari imeahirishwa. Yeye hatauliza mpaka lini, na hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Mama msomee mpaka hapa, kisha ruka uende kwenye salamu. Yaliyo katikati ni yako wewe.

Kwanza nikwambie nililokuficha miaka yote hii. Mimi si daktari, Dada. Baba, Mungu amrehemu, alisimama mbele ya watu akatangaza kwamba binti yake anakwenda Ulaya kusomea udaktari, nami nilikuwa nimekaa kwenye benchi nikainamisha kichwa. Ningemsahihishaje mbele ya kanisa zima? Toka siku ile mtaa wetu mzima wa Soweto, hapo Mbeya, unaniita Daktari, na mimi naitika.

Unakumbuka nilivyokuwa muuguzi hapo Mbeya, Gwakisa alipoletwa kutoka shuleni akiwa kidato cha pili, amejifunika blanketi kichwani, anasema redio inamtaja jina. Siku ile nilikuwa zamu. Walimchoma sindano, akalala siku mbili kwenye godoro lililowekwa sakafuni, na mimi nikapita pale na sinia la dawa kama vile simjui, kwa sababu msimamizi alikuwa ananiangalia. Alipoamka midomo imemkauka. Nikamnywesha maji. Akaniambia, "Tusa, mbona hakuna aliyeniuliza kitu?"

Nilikwenda chooni nikalia mpaka wakanigongea mlango. Ndipo nikaanza kuulizauliza kama ipo kazi ya kuwauliza watu. Nikaambiwa ipo, inaitwa saikolojia, na kwamba kule Poland wanatoa nafasi za masomo kwa vijana wetu. Nikaomba, nikapata.

Nilichosomea ni hicho. Mwaka mzima nilikuwa najifunza lugha yao tu, halafu miaka mitano ya chuo. Tulisoma ubongo, tukasoma jinsi mtoto anavyokua, tukasoma hesabu nyingi kuliko nilivyotarajia. Tulifundishwa kumpima mtu kwa picha na kwa vipande vya mbao, na namna ya kukaa naye bila kumharakisha. Mwaka wa mwisho walituingiza hospitali. Niliona aibu kwa lafudhi yangu, mpaka bibi mmoja mgonjwa akaniambia anapenda kuzungumza na mimi kuliko wenzangu, maana mimi naongea polepole.

Lakini shahada ile, Dada, ni nusu ya njia. Mwanasaikolojia haruhusiwi kuhudumia wagonjwa peke yake mpaka amalize miaka miwili ya mazoezi chini ya mtu aliyeiva katika kazi hiyo. Mtu huyo anakaa naye, anasoma alichoandika, anamwonyesha alipokosea, na anaweka sahihi. Kama daftari halina sahihi za miaka miwili, hujamaliza, hata ukiwa na vyeti vya ukuta mzima.

Ndiyo maana niliporudi niliomba Iringa badala ya nyumbani. Hapa palikuwa na Bwana Aksel, mzee kutoka nchi za baridi, mtaalamu wa kazi hii, aliyeletwa kwa mkataba. Alinipokea vizuri. Kila Ijumaa asubuhi alikuwa anafungua daftari langu, anavaa miwani, ananichambua. "Ndugu Tusajigwe," alikuwa ananiambia kwa Kiswahili chake cha kukatakata, "mgonjwa amesema maneno nane. Wewe umesema ukurasa. Nani mgonjwa?" Halafu anaweka sahihi. Nilikuwa natoka pale nimekasirika, na jioni naona alikuwa sawa. Nilikuwa na furaha wakati ule. Barua zangu za wakati ule kama umezitunza, utaziona.

Sasa nikwambie habari za Limi, maana bila yeye hutanielewa.

Limi ni mama wa Kisukuma, kanizidi miaka michache. Mume wake anaitwa Masanja. Ni watu waliohama kutoka Shinyanga na ng'ombe wao, wakaja kukaa bonde la Usangu, ndani kabisa, mwendo wa siku nzima kutoka Chimala. Masanja alimleta kwa mkokoteni wa ng'ombe hadi Chimala, kisha kwa basi hadi huku, kwa sababu Limi alikuwa hajasema neno tangu wafike Usangu. Alikuwa anapika, anateka maji, anafanya kazi zote, lakini kinywa kimefungwa. Kisha akaacha kula.

"Huyu si mgonjwa wa mwili," Masanja aliniambia siku ya kwanza, kofia mkononi. "Waganga wetu wamemaliza kuku wangu wote. Nimesikia kuna mama hapa anaongea na watu."

"Anaelewa Kiswahili?"

"Cha salamu tu. Na mimi chenyewe ndiyo hiki unachosikia."

Fikiria, Dada. Nimesoma miaka sita kazi ya kuzungumza, na mgonjwa wangu hana lugha hata moja kati ya zile ninazojua. Nilimtolea zile picha nilizokuja nazo, za watu wamekaa karibu na moto huku theluji inaanguka dirishani. Aliziangalia kwa adabu, kama mtu anayeonyeshwa picha za harusi ya watu asiowajua, akanirudishia.

Aliyeniokoa ni Mzee Luhende, mpishi wa hospitali. Yeye ni Msukuma, alikuja na ujenzi wa reli, reli ilipokwisha akabaki. Bwana Aksel alimwombea ruhusa, kila Jumatano uji ukishagawiwa, aje wodini saa moja. Alikuwa anakuja na mikono inanuka vitunguu, anakaa kwenye kigoda, anamsalimu Limi, "Mwangaluka, mayu," kwa heshima kama anayemsalimu mama yake mzazi. Mimi nauliza jambo fupi, yeye anazungumza dakika tano nzima.

"Mzee," nikamwambia, "mimi nimeuliza kama amelala vizuri."

"Dada, kwetu mtu haulizwi hivyo kavu kavu. Nimeanza na ng'ombe."

"Ng'ombe gani?"

"Wa baba yake. Ukitaka msichana wa kwetu aseme, muulize ng'ombe wa baba yake walikuwa na rangi gani."

Jumatano ya tano Limi akasema. Alitaja rangi. Neno moja tu, na Mzee Luhende akanigeukia macho yamemtoka, akasahau kutafsiri. Nilipomwonyesha Bwana Aksel daftari Ijumaa ile, alivua miwani akasema, "Mpe mpishi sahihi, si wewe."

Mengine yalikuja vipande vipande, wiki baada ya wiki. Walipokuwa wanahama walikuwa wanatembea na mifugo porini, siku nyingi. Limi alikuwa amembeba mgongoni mtoto wake wa kike, Kabula, ana miaka miwili. Mtoto akashikwa na homa. Limi akaomba wapumzike, lakini ng'ombe walikuwa na siku ya pili bila maji, na kaka mkubwa wa Masanja, ambaye ndiye aliyekuwa anaongoza msafara, akasema wakisimama watapoteza kila kitu. Wakaendelea. Limi alijua mtoto amekufa jua likiwa bado halijafika katikati. Alijua kwa uzito, alisema, mtoto akifa anakuwa mzito mgongoni. Hakumwambia mtu. Akaendelea kutembea naye mpaka jioni, kwa sababu alijua akisema watamzika palepale, na pale palikuwa pori tu, hakuna kilima wala mto ambao angeukumbuka akitaka kurudi. Alitaka wafike mahali penye alama. Jioni Masanja alikwenda kumpokea mtoto ili amnyweshe maji, ndipo akajua. Wakamzika pale walipofikia. Na hapo pia palikuwa pori tu.

Mzee Luhende alipofika hapo akainuka kwenye kigoda. "Ngoja kwanza, Dada," akasema, akatoka nje, akasimama kwenye jua akiwa ametupa mgongo. Mimi na Limi tukabaki wawili bila lugha. Nikamshika mkono. Hakuutoa.

Baada ya siku ile alianza kula. Akaanza kusalimia wauguzi kwa Kihehe alichokiokota wodini, "Kamwene, kamwene," kila mtu akawa anacheka kwa furaha. Akawasuka nywele wagonjwa wenzake. Masanja alipokuja kumtazama, Limi akamuuliza habari za ndama mmoja kwa jina. Yule mwanamume alikaa chini kwenye majani, mtu mzima, akajifunika uso kwa kofia.

Bado kazi haikuwa imekwisha. Hawa wawili walikuwa hawajawahi kuzungumza juu ya mtoto wao hata mara moja. Nilimwambia Masanja: mavuno ya mpunga yakiisha njoo, tutakaa watatu pamoja, na Mzee Luhende awe wa nne, yasemwe mbele ya wote wawili, ndipo uende naye nyumbani. Akanipa mkono. "Nitakuja. Tutaongea," akasema.

Katikati ya hapo Bwana Aksel akaugua moyo. Kwao wakamwita, na katika wiki moja alikuwa ameondoka. Aliniachia vitabu vyake na daftari langu lenye sahihi za miezi kumi na minne. Kumi na minne, Dada, na zinatakiwa ishirini na nne.

Mwezi uleule alikuja Mganga Mkuu mpya. Nisimsingizie, si mtu mbaya. Aliniita ofisini, akaniagizia chai, ya rangi, maana sukari mnajua wenyewe ilivyoadimika.

"Ndugu Tusajigwe, mimi sina ugomvi na wewe," akasema. "Nimetafuta kwenye ikama ya hospitali hii. Waganga wamo, wauguzi wamo, mpishi yumo, dobi yumo. Mwanasaikolojia hayumo. Bwana Aksel alikuwa analetwa na watu wake. Wewe umekaa kwenye nafasi ya nani?"

"Ya muuguzi."

"Na leseni yako ya uuguzi?"

Ilikwisha nikiwa masomoni. Alishajua, alikuwa ameniuliza ili niseme mwenyewe.

"Mganga Mkuu, kuna wagonjwa niliowaanza. Kuna mmoja amebakiza kidogo."

"Na anayekusimamia sasa ni nani?"

Nikakisogeza kikombe cha chai pembeni.

"Akijiumiza mgonjwa baada ya kuongea na wewe, ni nani atakayesimama kuniambia kwamba ulifanya sawasawa? Mimi nimesomea upasuaji, dada yangu. Sijui hata kazi yako inaanzia wapi. Siwezi kuitetea kazi nisiyoijua."

Kama ningekuwa mimi kwenye kiti kile ningesema vilevile.

Niliandika Dar es Salaam mara tatu. Jibu la kwanza: malizia miaka miwili ndipo utambuliwe. Nikaandika, nimalizie kwa nani? Jibu la pili: mtaalamu aliyepo huko Dar ana wanafunzi wa kumtosha, subiri. Nikaomba basi nirudi Poland miezi kumi tu. Jibu la tatu lilikuwa mistari miwili, kwamba baada ya vita vya Kagera hakuna fedha za kigeni za masomo ya namna hiyo. Sikuandika tena.

Wakanipeleka chumba cha kadi. Ndiko niliko mpaka sasa, na hilo pia sikukuandikia. Nakaa kwenye dirisha dogo, mgonjwa anakuja, namwandika jina, umri, anakotoka, anachoumwa kwa neno moja, namwelekeza mlango. Mzee Luhende aliambiwa watu wa jikoni wasiingie wodini. Limi akaanza kuchomwa sindano zilezile alizochomwa Gwakisa. Nilikuwa namwona nikipita, amekaa ukutani, mate yanamtoka, hainui macho. Nywele za wenzake zilifumuka, hakuna wa kuzisuka.

Masanja alikuja kama alivyoahidi, mavuno ya mwaka jana yalipoisha. Amevaa shati jipya. Alinikuta dirishani.

"Mama, nimekuja. Tukaongee."

"Masanja, mimi sipo tena wodini."

"Upo hapa. Nakuona."

"Wamenihamisha kazi. Siruhusiwi kuongea na wagonjwa."

Alinitazama kama anayengoja nimalize. Nyuma yake kulikuwa na foleni. "Kwa hiyo nani ataongea naye?" akauliza.

Dada, ningeweza kufunga dirisha lile. Ningeweza kwenda jikoni nikamwita Luhende, tukakaa wanne chini ya jua, saa moja tu, wanifukuze kesho. Nimelifikiria mara nyingi. Sikufanya. Nilimwambia akamwone muuguzi wa zamu, nikamwita aliyefuata. Mchana ule akamchukua mke wake, wakaondoka na mfuko wa vidonge. Walipita mbele ya dirisha langu. Limi alikuwa anatembea kama mtu anayesukumwa.

Sasa umeelewa kwa nini nakataa? Ukimleta Gwakisa atalazwa kwenye nyumba ileile ndefu ya bati ya wagonjwa wa akili. Nitamwandika kadi kwa mkono wangu. Nitampita kama nilivyompita siku ile Mbeya, tena safari hii bila hata sinia la dawa. Atanitazama, akidhani dada yake ndiye mwenye hospitali, na mimi sina ruhusa ya kumuuliza amelalaje. Hapo nyumbani angalau anajua kitanda chake, na Mama anamwita jina.

Yale machache ninayoyajua, chukua uyafanye wewe, maana wewe hakuna wa kukuuliza leseni. Msimfunge kamba, hata siku akiwa mbaya. Waondoeni watoto, kaeni naye mlangoni. Akisema redio inamtaja, msimbishie wala msimkubalie, mwulizeni inamwambia nini na kama inamtisha. Mpeni kazi ndogo ya kila siku, iwe ileile. Hii haitamponya. Nilikuahidi kwamba nikimaliza masomo nitamponya, nilikuahidi ukiwa umeuza vitenge vyako nipate sanduku la safari. Sikumaliza, Dada, na sitamaliza. Niseme hivyo ili usiendelee kuwaambia majirani.

Nilitaka kuishia hapo. Lakini kuna jambo la Alhamisi, na nisipokuandikia wewe sina wa kumwambia, maana Mzee Luhende nikimwambia ataugua.

Alhamisi asubuhi niliinua kichwa dirishani, nikamwona Masanja. Peke yake. Viatu vimejaa vumbi mpaka huwezi kujua rangi. Amekonda.

"Nimekuja kuuliza kama yuko huku," akasema.

Alinieleza taratibu, na Kiswahili chake kimekuwa kizuri sasa, sijui amejifunzia kwa nani. Walipofika nyumbani Limi hakusema tena. Vidonge viliisha. Siku moja wakamkosa, wachunga ng'ombe wakamkuta mwendo wa siku mbili upande wa kaskazini, amefunga kanga mgongoni kama mwenye mtoto, na ndani yake hamna kitu. Wakamrudisha. Masanja akawa anamlinda, lakini mtu mwenye mifugo atalinda mpaka lini? Juzi juzi, wakati wa kuvuna mwaka huu, akaondoka tena. Wamemtafuta mpaka chakula kimewaishia porini. Ndugu zake wameacha kutafuta. Yeye peke yake akafikiria Iringa.

"Huku ndiko alikoanza kusema tena," akaniambia. "Nikasema labda amerudi huku."

Nilijua hayupo. Kila anayeingia hospitali hii anapita kwangu. Hata hivyo niliinuka, nikafungua makabati, nikapitia kadi za mwezi mzima, moja moja, mbele yake, ili aone. Watu kwenye foleni wakaanza kunung'unika, mama mmoja akawanyamazisha.

"Hayupo, Masanja."

Akatikisa kichwa, hakuondoka. Akashika ukingo wa dirisha. "Basi mwandike," akasema. "Akija, mjue ni nani. Yeye hatasema jina."

Kadi haziandikwi hivyo. Ni za waliofika. Nikachukua kadi mpya. Nikaandika Limi, mke wa Masanja. Umri, akanikadiria. Anakotoka, nikaandika Usangu kupitia Chimala.

"Hapana," akasema. "Andika Shinyanga. Andika na jina la baba yake."

Nikaandika. Akanitajia la baba, na la babu, na kijiji cha kwao, nikaandika yote kwenye mstari mmoja mpaka ukajaa. Tukafika pale pa anachoumwa. Yeye ndiye aliyesema, kwa sauti ndogo, bila kunitazama:

"Andika ana mtoto."

Nikaandika hivyo. Nikamsomea. Akasema ndiyo, akanishukuru kwa Kisukuma, "Wabeja," akaenda zake kituo cha basi. Kadi nimeiweka kwenye kabati, mahali pake kwa herufi.

Nisalimie Mama, mwambie nakula vizuri na nimepata blanketi zito. Msalimie Shemeji, na umshukuru kwa niaba yangu kwa kukubali kumleta mdogo wetu, ingawa sasa safari haitakuwepo. Msalimie Mjomba mzee wa kanisa, na akiuliza habari za Daktari mwambie nipo kazini, basi. Msalimie Mama Zarina wa duka la vitambaa, ambaye hajawahi kumcheka Gwakisa hata siku moja. Watoto wote wabusu vichwani. Na Gwakisa mwenyewe mpe mkono, umwite jina lake lote, umwambie mimi ndiye niliyekataa, si nyinyi.

Ni mdogo wako anayekupenda na asiyejua la kufanya,

Tusajigwe